Binti wa Kwanza Chuoni: Pengo Kati ya Barua ya Udahili na Bumu la Kwanza

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, swali la kwanza kwenye familia nyingi za Kusini, huku Mtwara na Lindi, iwe Tandahimba, Ruangwa au Nachingwea, ni moja: ada tutaipata wapi? Ni swali la haki, ila nadhani linaanzia mbali. Ada inaonekana, na kwa kuwa inaonekana serikali imeiwekea mkopo, wahisani wameiwekea ufadhili, na ukoo unajua namna ya kuichangia. Binti wa familia isiyo na kitu, ambaye kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo, mara nyingi hukwama kwenye vitu vidogo vyenye tarehe: cheti ambacho hakijahakikiwa, nauli ya wiki fulani, ujumbe wenye namba ya uthibitisho ulioingia simu ikiwa imezimika, godoro. Msaada mwingi unaotolewa kwa nia njema hupita juu ya vitu hivi bila kuvigusa.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Nchini Marekani, marekebisho ya sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1980 yalimtambua mwanafunzi wa kizazi cha kwanza kuwa ni yule ambaye wazazi wake wote wawili hawana shahada. Programu zao zinazoitwa TRIO, zilizoanzia na Upward Bound ya mwaka 1964, zilipewa kazi ya kumshika mkono mwanafunzi wa namna hiyo. Kipimo hicho kwa Kusini hakitoshi. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti katika mambo ya mpwa wake kuliko anavyodhani mtu wa mikoa mingine. Kwa hiyo ukitaka kujua kama binti ni wa kwanza, usiishie kwa baba na mama. Wazungukie wajomba, mama wadogo na dada wakubwa. Ninayemkusudia ni yule ambaye hata ukimaliza ukoo wote humpati mtu anayejua udahili unaombwaje.

Mabinti wa aina hii sasa wanafika mlangoni kwa wingi kuliko zamani, na sababu zake zinajulikana. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na mwaka wa fedha 2022/23 ikafutwa kidato cha tano na sita. Novemba 2021 serikali ikawafungulia njia ya kurudi shuleni wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito. Aliyekuwa anaishia darasa la saba kwa kukosa ada ya kidato cha kwanza, leo anafika kidato cha sita bila wazazi kuuza shamba. Kisha anakutana na chuo, ambako kila kitu kinalipiwa tena, na kwa masharti ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuyasoma.

Kalenda mbili

Anayetaka kuelewa kwa nini familia ya mkulima wa korosho haina laki mbili mwezi Agosti lakini inazo mwezi Desemba, aufuate mkorosho. Kuanzia Juni hadi Agosti ni miezi ya palizi, kupulizia salfa na dawa za maji, na kulipa vibarua. Pesa inatoka tu. Korosho huokotwa kuelekea Oktoba, zikaanikwa, zikapelekwa chama cha msingi, zikasubiri mnada wa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08. Minada ya TANECU na MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vya wakulima, kwa kawaida huanza Oktoba. Baada ya mnada mkulima anasubiri tena malipo yaingie benki, kwa hiyo pesa ya kushika mkononi ni ya Novemba, wakati mwingine Desemba.

Sasa weka kalenda ya chuo pembeni yake. Dirisha la mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka na kufungwa korosho zikiwa bado juu ya miti. Maombi ya udahili ni Julai hadi Septemba. Vyuo hufunguliwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Karibu kila malipo ya kumwingiza binti chuoni huangukia miezi ambayo mfuko wa mkulima wa korosho umekauka. Upande wa Lindi kuna nafuu kidogo kwa walima ufuta, kwa kuwa minada yake huwa katikati ya mwaka, na mbaazi hufuata. Binti wa Liwale ambaye mama yake analima ufuta na mwenzake wa Newala anayetegemea korosho wanaweza kuwa maskini sawasawa. Kinachowatofautisha ni mwezi ambao pesa inaingia.

Hapo ndipo kangomba hupata wateja. Mnunuzi wa vichochoroni anatoa fedha Agosti, mkorosho ukiwa bado kwenye maua, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anakuja na kipimo chake kuchukua korosho. Serikali imepiga marufuku, na viongozi hurudia onyo kila msimu. Lakini mzazi aliyeshika barua ya udahili hana subira ya kuingojea Oktoba. Ningeombwa kukadiria gharama ya kweli ya kumwandikisha binti chuo kutoka Tandahimba, ningejumlisha na tofauti kati ya bei ya kangomba na bei ya mnada kwa kila kilo iliyokwenda mapema. Gharama hiyo haipo kwenye fomu yoyote ya kujiunga.

Kuna la pili ambalo halisemwi sana. Malipo ya korosho huingia kwenye akaunti ya aliyeandikishwa chama cha msingi. Pale ambapo aliyeandikishwa ni baba, na baba ana nyumba nyingine Masasi, mama aliyepalilia na kuokota anaweza kuuona msimu mzuri ukipita bila shilingi kumfikia. Familia hiyo ikihesabiwa kwa kilo ilizouza, itaonekana ina uwezo.

Na mhusika mwenyewe wakati huo yuko wapi? Wengi wa wahitimu wa kidato cha sita wanakuwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, wakati ambao nyumbani zinatakiwa saini, vyeti na namba za vitambulisho. Matokeo yanatoka akiwa kambini. Mtoto wa karani wa Mtwara mjini ana mama anayejua kuingia kwenye mfumo wa maombi. Huyu wetu ana mama anayejua kwamba "kuna mkopo", basi.

Karatasi za mkopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Ndiyo njia kuu ya mtoto wa maskini kusoma chuo kikuu nchini, na nasema bila kusita kwamba bila Bodi makala haya yasingekuwa na mhusika. Ila mkopo hutolewa kwa uhitaji, na uhitaji unathibitishwa kwa karatasi. Aliye na uhitaji mkubwa ndiye mara nyingi mwenye karatasi chache.

Cheti cha kuzaliwa ndicho cha kwanza, tena kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Wengi waliozaliwa vijijini miaka ishirini iliyopita hawakuandikishwa walipozaliwa, wakaja kutafuta cheti wakiwa wakubwa. Hapo majina huanza kugongana. Mtoto aliandikishwa darasa la kwanza na mjomba, akapewa ubini wa mjomba. Cheti cha kidato cha nne kikatoka hivyo. Cheti cha kuzaliwa kikatoka kwa jina la baba. Kitambulisho cha NIDA kikaja na herufi iliyoruka. Kila tofauti inataka kiapo, kila kiapo kinataka wakili au hakimu, na hao wako mjini. Mwalimu wa kidato cha tano akikagua majina haya Agosti ya mwaka wa kwanza wa binti, kazi yote inaisha kwa utulivu. Ikiachwa hadi Julai ya mwaka wa matokeo, ni mbio.

Yatima anatakiwa kuonyesha cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Vifo vingi vya vijijini huishia kaburini na kwenye hitma au arobaini, na hakuna anayekumbuka kwenda kuandikisha. Miaka tisa baadaye binti anaambiwa athibitishe kwamba baba alikufa. Inawezekana kuandikisha kifo kwa kuchelewa, ila inahitaji mtendaji wa kijiji, mashahidi na safari, na kila safari ina nauli yake. Kuna kundi jingine lenye shida zaidi, na kwetu si dogo: baba yupo hai, hajulikani aliko au anajulikana na hatoi kitu. Hakuna cheti cha baba aliyetoweka. Binti wa namna hiyo anajazwa kwenye fomu kama mwenye wazazi wawili, na fomu haina sababu ya kumtilia shaka.

Familia iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini ina nafuu, kwa sababu namba ya kaya inaingizwa kwenye maombi na ni ushahidi wa hali ya nyumbani. Nashangaa mara ngapi namba hii inasahaulika ndani ya mkoba wa bibi. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili naye anahitaji barua ya mfadhili huyo. Mwenye ulemavu anahitaji uthibitisho wa mganga mkuu. Mdhamini anahitaji kitambulisho. Serikali ya kijiji au mtaa inagonga muhuri. Ada ya maombi ni shilingi 30,000.

Halafu kuna steshenari. Binti asiye na simu ya kisasa wala kompyuta anajaziwa maombi na kijana wa steshenari Masasi au Nachingwea, mwenye foleni ya watu ishirini nyuma. Kijana anauliza: mama anafanya kazi gani? Anauza vitumbua. Anaandika: mfanyabiashara. Baba? Ana mikorosho kidogo. Anaandika: mkulima wa biashara. Maneno mawili, na familia inayoishi kwa kudunduliza imepanda daraja mbele ya yule atakayeisoma fomu Dar es Salaam. Zaidi ya hapo, barua pepe imefunguliwa kwa nywila anayoijua kijana huyo peke yake, na namba ya simu iliyowekwa ni ya kwake kwa sababu binti hakuwa na laini. Taarifa zote za Bodi na za chuo zitamwendea mtu ambaye wiki ijayo atakuwa amemsahau. Kama kuna mahali pa kuweka mtu mmoja mwenye kompyuta na subira, ni hapo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kumsomesha binti mmoja muhula mmoja.

Majina hutolewa kwa awamu, na baada ya awamu hufunguliwa dirisha la rufaa. Aliyekosa au aliyepata kidogo anaweza kupeleka ushahidi aliousahau. Binti mwenye kaka aliyesoma anaambiwa siku hiyohiyo, "kata rufaa." Wa kwanza kwao anaona jina halipo, anafunga begi, anarudi kijijini.

Wiki za mwanzo

Tuseme kila kitu kimekwenda sawa, mkopo umetoka. Familia inadhani kazi imekwisha. Kwa kweli ndipo wiki ngumu kuliko zote zinapoanza.

Fedha ya kujikimu, ile wanafunzi wanayoiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku, baada ya kupandishwa kutoka 8,500. Inalipwa kwa mafungu, na ili uipate lazima uwe umesajiliwa chuoni na umesaini kwa alama za vidole. Ili usajiliwe, lazima ulipe vitu ambavyo mkopo haugusi: bima ya afya ya wanafunzi shilingi 50,400, ada ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ya 20,000, na michango ya chuo chenyewe kama kitambulisho na serikali ya wanafunzi. Yaani unahitaji pesa ili uipate pesa. Ongeza nauli. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, na anayepangiwa Dodoma, Morogoro au Mbeya hapo ndipo anaanza safari ya pili. Mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, aliyekuwa njiani na nauli ya kubahatisha alilala alipofikia.

Kisha chumba. Hosteli za chuo hazitoshi. Mwenye nyumba mtaani anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Asiye na kitu hubebana, maana yake analala kitanda kimoja na mwenzake ambaye jina lake ndilo lililo kwenye orodha ya chumba, akiishi kwa kuvizia msimamizi. Anakula mlo mmoja. Daftari la kwanza ananunua kwa kukopa.

Mabinti wengi katika wiki hizo hufanya uamuzi unaowafuata miaka mitatu. Mama anachukua mkopo wa kausha damu ili amtumie, na marejesho ya kila siku yanakula mtaji wa vitumbua. Au mwanaume mwenye kipato anajitokeza kulipia chumba. Watu wa nyumbani wakija kusikia huzungumza habari za tabia. Mimi naona hesabu: palikuwa na pengo la wiki nne, na mtu mmoja tu alikuwa na pesa ya kuliziba. Laki mbili na nusu au tatu zingefika wiki ile kutoka kwa mtu asiyedai kitu, mazungumzo ya tabia yasingekuwepo.

Wafadhili wengi hawalioni pengo hili kwa sababu ni fupi. Wanapenda kulipa ada, maana ada ina risiti ya chuo. Wengine huleta mabegi, kanga na picha ya pamoja ukumbini. Sina ugomvi na kanga. Lakini fungu dogo la dharura linalofika kwa simu siku ya usajili lina kazi ambayo milioni ya mwezi Februari haiwezi kuifanya.

Mambo asiyoambiwa mtu

Chuo kina sheria zake zilizoandikwa, na kina nyingine ambazo watoto wa waliosoma huzijua tangu mezani kwao. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu. Asipofanya hivyo kwa wakati, nafasi inaweza kupotea huku yeye akishangilia kuchaguliwa mara tatu. Kila muhula unasajili masomo kwenye mfumo. Usiposajili, unaweza kufanya mtihani na matokeo yasionekane. Supu si fedheha, ni mtihani wa kurudia na wengi wameupita. Kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, ni jambo jingine kabisa, na kati ya hayo mawili kuna mlango unaoitwa kuahirisha mwaka, ambao mwanafunzi mgonjwa, aliyefiwa au mjamzito anaweza kuuomba kwa barua na kurudi baadaye akiwa na nafasi yake. Binti asiyejua mlango huo upo anaacha kuhudhuria tu, kimya, na kwenye kumbukumbu za chuo anakuwa aliyetoroka masomo.

Kumgongea mhadhiri ofisini na kusema sijaelewa ni jambo la kawaida. Kwa binti aliyelelewa asimkatize mkubwa maneno, inaonekana utovu wa adabu. Lakini pia kuna ofisi ambazo ana haki ya kuziogopa. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Vyuo navyo vina madawati ya jinsia. Haya aambiwe kabla ya kupanda basi, na mtu anayemheshimu, kwa maneno ya wazi.

Bumu likishaingia kuna mkono mwingine unaolisubiri, wa nyumbani. Mdogo wake anataka sare, bibi anaumwa, bati la jikoni limetoboka. Wa kwanza kufika chuo anaonekana tayari ameajiriwa. Kwa binti wa Kusini hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa katika ukoo wa upande wa mama yeye ndiye nyumba. Watoto wake ndio watakaouendeleza ukoo. Heshima hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu hutasikia sana kwetu kauli kwamba kumsomesha mtoto wa kike ni kumsomeshea mume wa watu. Ila heshima hiyohiyo ndiyo inayomwita nyumbani kuuguza mtu wiki ya mitihani, wakati kaka yake aliyeko Mbagala anatuma salamu. Anayetaka kumsaidia binti azungumze na wajomba juu ya hili. Wakikubaliana kwamba kwa miaka mitatu haombwi kitu wala haitwi bila msiba, wamemfadhili bila kutoa shilingi.

Watu hupenda kuutaja unyago hapa kama adui wa elimu. Ukifanyika wakati wa masomo unamtoa mtoto darasani, hilo halina ubishi. Lakini Kusini tunajua kwamba mwali hapelekwi mahali pageni peke yake: ana somo wake, mwanamke aliyepita njia hiyo, anayemwambia yale ambayo mama mzazi hawezi kumwambia, na anabaki kuwa wake maisha yote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahitaji mtu wa namna hiyo chuoni. Msichana wa mwaka wa tatu kutoka Newala au Kilwa, anayejua msimamizi wa mikopo anakaa wapi, kafeteria ipi ni rahisi, na mhadhiri yupi usiende ofisini kwake jioni.

Yaliyokwisha kujaribiwa

Nchi hii ina uzoefu wa kuwafungulia wanawake mlango wa chuo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watu wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu; idadi ya wanawake iliposhuka, wao wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mafunzo ya awali kwa wasichana wa sayansi waliokaribia alama za kuingilia, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikawa na ufadhili wa wanafunzi wa kike uliogharimiwa na Carnegie Corporation ya New York. CAMFED, shirika la kusomesha wasichana ambalo limefanya kazi nchini tangu 2005, limejenga utaratibu wa wasichana waliomaliza kurudi kuwaongoza walio shuleni. Ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza 2022/23, unawalipia kila kitu waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi. Huo wa mwisho ni mzuri, lakini unamfuata aliyekwisha kung'ara. Yule wa daraja la pili kutoka shule ya kata iliyokosa mwalimu wa fizikia mwaka mzima bado yuko kwenye foleni ya steshenari.

Kwa mikoa yetu miwili ningeanzia kwenye vyama vya msingi. Chama kinajua kila mwanachama aliuza kilo ngapi msimu uliopita. Wanachama wakikubaliana katika mkutano mkuu, mzazi mwenye barua ya udahili anaweza kukopeshwa Septemba na kukatwa Novemba, bila riba ya kausha damu na bila kangomba. Vikoba vya akina mama vinaweza kufanya hivyo kwa kiwango kidogo, na vingine hufanya. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, iliyositishwa 2023 na kurudishwa 2024, ni ya vikundi vya biashara, kwa hiyo haitamlipia binti bima; inaweza tu kumwongezea mama mtaji. Wanaochanganya mambo haya mawili huishia kwenye marejesho yaliyoshindikana.

Suala la uchaguzi wa kozi nalitaja kwa ufupi. Binti huomba alichokiona: mwalimu, nesi. Mtwara ina kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, bandari, na hospitali ya rufaa ya kanda. Siku moja ya kuwatembeza wanafunzi wa kidato cha tano huko ingewafungua macho. Na si lazima kila mtu apande basi la Dar. Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kipo Mtwara tangu 2009, Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, Taasisi ya Uhasibu ina kampasi Mtwara, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu. Kusoma karibu kunaondoa kodi ya mtaani na nauli ndefu. Pia kunamweka binti karibu na mkono wa nyumbani, na hapo makubaliano ya wajomba yanahitajika mara mbili.

Limebaki la deni, kwa sababu wapo wazazi wanaokataa mkopo kwa hofu ya kuuziwa nyumba. Binti hadaiwi akiwa masomoni. Akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inaongeza deni kila mwaka ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Mzazi aelezwe hivyo mapema, mwezi wa tano, mjomba akiwepo, kabla fomu haijafika kwenye meza ya steshenari.